Kisanduku cha kubandulia grafini: tathmini ya mwalimu wa fizikia, Wete

Kisanduku hiki cha kubandua grafini, yaani tabaka moja la atomi za kaboni, kutoka kwenye grafiti, ambacho skuli yetu iliagiza kutoka nje kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha sita, kina vitu vitatu tu: bonge la grafiti safi, mkanda wa gundi, na vipande vya silikoni vilivyofunikwa kwa oksidi yenye unene wa nanomita 300. Mkanda hata sokoni Darajani unapatikana. Thamani yake yote imo katika silikoni.

Tabaka moja la atomi za kaboni hunyonya takriban asilimia 2.3 tu ya mwanga unaolipitia, kwa hiyo likilazwa juu ya kioo cha kawaida jicho hulikosa kwa urahisi. Juu ya oksidi ya unene huo, mwanga unaorudi kutoka uso wa juu hukutana na ule unaorudi kutoka kwenye silikoni iliyo chini yake, mawimbi yao yakaongezana au yakapunguzana, na tabaka la nanomita 0.34 hivi linatosha kuubadili uwiano huo hata likaonekana kama kivuli chepesi kwenye rangi ya zambarau. Ni kwa njia hii Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliweza kuvitambua vipande vyao, katika kazi waliyoitangaza mwaka 2004 na iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Wanafunzi wangu walipokiona kivuli hicho, kila mmoja alidai zamu ya pili, nami naona walikuwa na haki.

Hata hivyo, kijitabu cha maelezo kimemwacha mnunuzi gizani. Hakisemi kwamba hadubini lazima iangaze kutoka juu kupitia lenzi ileile ya kutazamia. Hadubini za baiolojia tulizo nazo huangaza kutoka chini, na silikoni haipitishi mwanga huo, kwa hiyo ilitubidi tuazime ya kukagulia metali kutoka Unguja. Tena, kifuniko kinaahidi tabaka moja kwa uhakika, ilhali rangi peke yake ni dalili. Uthibitisho hutaka kipimo cha Raman, kinachochunguza mwanga wa leza uliotawanywa na kipande, ambacho skuli haina.

Unyevu wa Pemba, hasa wakati wa masika, nao haukutajwa. Grafiti hubanduka kwa sababu matabaka yake yameshikana kwa nguvu dhaifu za van der Waals, lakini kipande hakitashika kwenye oksidi iliyotanda maji. Ipashe moto silikoni hadi nyuzi 100 za Selsiasi hivi, kisha uvute mkanda polepole.

Ningependa watengenezaji waongeze fuwele ya molibdenamu disalfaidi. Grafini haina pengo la nishati, yaani masafa ya nishati ambayo elektroni haziwezi kuwa nayo, lakini fuwele hiyo, ikibaki tabaka moja, huwa na pengo la moja kwa moja, ambalo elektroni huweza kulivuka kwa kunyonya au kutoa mwanga tu, la takriban elektronivolti 1.8 na hutoa mwanga mwekundu inapoangazwa kwa leza ya kijani. Anayefundisha semikondakta angenufaika nayo sana.