Niliomba .30-06, Nikauziwa .300: Uzoefu Wangu na Raifali ya Kuwindia

Kwa kuwa watu kadhaa wa hapa Nakuru, Njoro na Rongai wenye vyeti vya silaha wameniuliza kama wanunue raifali kama yangu ya .300 Winchester Magnum (namba hizi hutaja kaliba, yaani ukubwa na aina ya risasi), nimeona ni vyema nieleze wazi yaliyonipata. Sitasimulia urefu wa mtutu wala uzito wa kitako, kwa maana hayo yote yameandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Nitaeleza habari ya ganda moja la risasi lililokwama ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa, ilhali mnyama amekwisha kujeruhiwa, na jinsi mtu aliyeniuzia silaha hiyo alivyonijibu niliporudi kwake.

Nilikwenda Nairobi nikijua ninachokitaka. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mkulima mwenye raifali huitumia kwenye uwanja wa shabaha, na akitaka kuwinda kihalali hana budi kuvuka mpaka kwenda Uganda au Tanzania, tena kwa gharama inayouma. Mtu wa namna hiyo hawezi kuweka kabatini raifali ya swala, nyingine ya pofu na nyingine ya nyati. Theodore Roosevelt alipopita Naivasha na Njoro mwaka 1909 alikuwa na Springfield ya kaliba ya .30 ya jeshi la nchi yake, Winchester ya .405 na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland, pamoja na wapagazi wa kumbebea zote. Mimi nilihitaji moja ya kufanya kazi nyingi kadiri iwezekanavyo, na baada ya kusoma na kuwauliza wazee waliofanya kazi na wawindaji kabla ya marufuku, niliamua kuchukua .30-06.

Sababu zangu zilikuwa za kawaida na bado naziamini. Risasi hiyo ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na hadi leo ni nadra kufika katika nchi ya wawindaji ukaikosa. Kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, huweza kuwa chepesi cha gramu 10 hivi kwa ajili ya swala, au kizito cha gramu 14 kwa ajili ya mnyama mwenye mifupa minene. Teke lake linavumilika, na jambo hilo lina uzito kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini, kwa sababu mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua, na akishafumba macho hakuna kaliba itakayomsaidia.

Muuzaji hakutaka kusikia. Aliniambia, "Mzee, hiyo ni bunduki ya babu zetu. Chukua .300 Winchester Magnum, mnyama analala hapo hapo hata akiwa mbali namna gani." Akaongeza kwamba .30-06 haikuwapo dukani, na kwamba kuagiza kungechukua miezi mingi ambayo hakuweza kuitaja. Niliuliza mara kwa mara kuhusu namna ganda linavyotolewa, kwa maana nilikuwa nimesoma juu ya raifali za mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, zenye kulabu ndefu inayoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini, yaani kisanduku cha risasi, na kutoiachia mpaka ganda litupwe nje. Hii aliyokuwa ameishika ina kindoano kidogo tu kwenye kichwa cha bolti, chuma kile cha kusukuma na kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu. Aliniambia mambo ya kulabu yamepitwa na wakati, na kwamba viwanda vyote vikubwa vimeachana nayo. Hilo si kweli. Winchester waliiondoa kulabu hiyo kwenye raifali yao ya Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama, wawindaji wakapiga kelele, na baadaye kiwanda kikairudisha. Mpaka leo Model 70 zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo hutafutwa kwa bei ya juu. Muuzaji wa silaha anapaswa kuyajua hayo, na kama anayajua akanificha, basi ni vibaya zaidi.

Nataka nitende haki. Kwenye uwanja wa shabaha raifali hii haina lawama: risasi zake hukaa karibu karibu, darubini haikuyumba, na kwa muda wa miezi kadhaa nilikuwa tayari kumsamehe yule muuzaji maneno yake. Lau ningeandika wakati ule ningeipa nyota nne.

Halafu nikaenda kuwinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Ilikuwa kiangazi, karatasi zangu zote zikiwa sawa, na kiongozi wetu wa uwindaji alikuwa Mganda mtulivu mwenye raifali kuukuu ya .375 iliyochakaa rangi kwenye mtutu. Tulikuwa tumetembea tangu alfajiri, na risasi zangu zilikuwa kwenye mkanda kiunoni, mahali ambapo kila mwindaji huziweka, zikipigwa na jua. Saa tisa alasiri tulimkaribia kuro dume aliyekuwa amesimama pembeni mwa kichaka, mnyama wa zaidi ya kilo 200. Alipiga hatua moja wakati ninafyatua, risasi ikamwingia nyuma kidogo ya bega, akaruka lakini hakuanguka. Kila mwindaji anajua kwamba hapo ndipo risasi ya pili inapotakiwa, tena upesi.

Mpini wa bolti ulikataa kuinuka. Niliupiga kwa kiganja ukainuka, nikavuta bolti ikarudi nyuma, nikaisukuma mbele, na risasi ya pili ikagonga kitu kigumu na kusimama nusu ndani, nusu nje, kichwa chake kikiwa kimepinda. Nilipochungulia niliona ganda la kwanza bado limo ndani ya chemba, limetulia kana kwamba hakuna aliyejaribu kulitoa. Kuro alikwisha kuingia kichakani. Tulilitoa ganda lile kwa kupitisha fimbo ya kusafishia kutoka kwenye mdomo wa mtutu na kuigonga kwa jiwe, na muda wote huo mnyama alikuwa anakwenda na jeraha. Kiongozi wetu hakunilaumu hata kwa neno moja. Tulifuata damu mpaka jua likakaribia kuzama, na ni yeye aliyemmaliza kwa .375 yake, risasi moja, kisha akavuta bolti na ganda likaruka nje bila shida.

Niliporudi nilimpelekea raifali fundi wa silaha aliyestaafu jeshini, anayeishi Lanet, hapa Nakuru. Aliitoa bolti, akaiweka juu ya kitambaa cheupe, na kwa ncha ya sindano akakwangua chini ya kile kindoano. Zilitoka chembe za shaba za manjano, zilizokatwa kutoka kwenye ukingo wa ganda. Ukingo wenyewe wa ganda, nililokuwa nimelihifadhi, ulikuwa umemeguka kipande chenye upana ule ule wa kindoano. Akanieleza kwamba baruti nyingi zikipata joto huwaka kwa shinikizo kubwa zaidi, na kwamba risasi zilizojazwa mpaka ukomo wake kiwandani, zikashinda juani katika nchi ya joto, huweza kulifanya ganda lishikamane na kuta za chemba. Kulabu pana yenye nguvu ingelivuta hata hivyo. Kindoano hiki kilishika sehemu ndogo ya ukingo, kikaimega na kuteleza. Alisema pia kwamba springi yake ilikuwa laini kuliko inavyotakiwa, jambo ambalo mtu wa dukani angeweza kuligundua kwa kidole kabla ya kuniuzia.

Nikalichukua ganda lile na maelezo yale nikayapeleka Nairobi. Muuzaji hakuinuka kitini. Hakulishika hata ganda. Aliendelea kutazama simu yake huku akiniambia, mbele ya wateja wengine waliokuwa wamesimama pale, "Mzee, bunduki haina shida. Shida ni mtumiaji. Hii si jembe, inataka kusafishwa." Nilimwambia kwamba ilisafishwa jioni ya kuamkia safari na kwamba fundi ameandika alichokiona. Akanijibu kwamba mafundi wa Nakuru hawajui magnum. Fundi huyo ametengeneza silaha za jeshi maisha yake yote ya kazi! Mimi ni mtu wa makamo, nina wajukuu, na nilizungumza naye kwa heshima tangu mwanzo hadi mwisho. Kwamba ninalima hakumpi mtu ruhusa ya kunitajia jembe.

Mtu aweza kusema nirudishe silaha na kuchukua nyingine. Silaha ikishaandikwa kwenye cheti chako huirudishi dukani kama suruali isiyokutosha. Kubadilisha kunataka maombi mapya, ukaguzi na kusubiri. Muuzaji analijua hilo vizuri, na nadhani ndiyo sababu hakuona haja ya kuinuka kitini.

Sasa, kuhusu kaliba yenyewe, nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba .300 isinunuliwe na mtu yeyote. Nikifikiri vizuri, maneno hayo hayana haki. Watu wanaowinda kwenye tambarare zilizo wazi, ambako mnyama huonekana kutoka mbali, wana sababu nzuri ya kuipenda, na ndani ya raifali yenye kulabu ya kweli huenda isingenisumbua. Vilevile ni lazima nikiri kwamba .30-06 niliyoitaka, kama ingewekwa kwenye bolti hii hii yenye springi hii hii laini, pengine nayo ingekwama, ingawa teke lake dogo lingenipa nafasi ya kumwona kuro vizuri zaidi baada ya kufyatua.

Tena nguvu nyingi si kila kitu, na sisi Wakenya tuna ushahidi wake karibu. W. D. M. Bell, mwindaji Mskoti aliyekuwa akianzia safari zake Mumias, magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20 kuelekea Karamoja ile ile, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ni risasi ya milimita 7 ya Mauser, ndogo kuliko zote nilizozitaja hapa. Sisifu idadi hiyo ya tembo, na leo hakuna sheria ingeiruhusu. Ninachosema ni kwamba alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na alitumia silaha ambayo bolti yake haikumwangusha. Muuzaji wangu alizungumzia umbali na kishindo tu. Hakunitajia hata mara moja kupiga mahali panapostahili wala kutoa ganda.

Nikiulizwa leo, basi, nitasema kinyume cha nilichoamini nilipopanda gari kwenda Nairobi: kwa mtu wa raifali moja tu, bora .375 H&H kwenye bolti ya mtindo wa Mauser. Holland & Holland waliitoa mwaka 1912, na ganda lake refu lililochongoka taratibu huingia na kutoka kwenye chemba kwa wepesi hata kwenye joto. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huihesabu kuwa kiwango cha chini kwa nyati na wanyama wengine wa hatari, kwa hiyo mlango huo haufungwi kwako. Kichwa chake cha gramu 19 husafiri angani karibu sawa na .30-06 yenye kichwa cha gramu 12, jambo ambalo huwashangaza wengi, na kwa kuwa hakiendi kasi mno hakiharibu nyama ya swala kama watu wanavyodhani. Risasi zake ni ghali, naam, na teke lake ni kali zaidi hata kuliko la .300. Nimeipiga .375 ya kiongozi wetu siku iliyofuata, kwa idhini yake, na bega liliniuma. Lakini ni msukumo mzito wa polepole, si kofi. Ambaye bega lake haliwezi, achukue .30-06 na aachane na nyati.

Raifali yangu nilikuwa nimeiandikia nyota tatu, lakini nikikumbuka yule bwana na simu yake naipunguzia mbili. Fundi wa Lanet ameshabadilisha springi na kindoano kwa gharama yangu, na kwenye uwanja wa shabaha haijakwama tena, ingawa mkono wangu bado husita kila ninapoinua mpini wa bolti. Atakayenunua yoyote ya mtindo huu adai apewe nafasi ya kupiga risasi za kiwandani saa za jua kali, na akague ukingo wa kila ganda kwa lenzi kabla ya kulipa shilingi ya mwisho. Muuzaji akikataa, aondoke. Nimeanza maombi ya .375, na duka nitakalonunua ni jingine.