Debian 13 kabla haijatoka: niliipima kwenye steshenari Tabora

Wateja wangu hawajui kompyuta ya dukani inatumia mfumo gani, na hawana haja ya kujua. Wanachotaka ni fomu itoke. Kwa hiyo Debian 13, toleo la mfumo wa bure wa Linux unaoweza kutumika badala ya Windows, niliipima hapo hapo ikiwa bado kwenye majaribio: steshenari ya Ng'ambo, Tabora, mwezi wa Julai 2025, wazazi wa kidato cha tano wamejaa mlangoni na maelekezo ya kujiunga yako kwenye simu, kila mmoja ana basi la kuwahi.

Ningeweza kusubiri itoke rasmi Agosti 9, lakini Windows 10 ndiyo iliyonisukuma. Msaada wake ulikuwa unakoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, pamoja na prosesa ambayo kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane. Sasa nionyesheni steshenari ya huku yenye kizazi cha nane. Sisi tunanunua used: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya kazi) 4GB, kava limekwaruzika, na bado inapiga kazi vizuri tu. Watu walikuwa wameanza kuniuliza watafanyaje ikifika Oktoba, na mimi sipendi kumshauri mtu kitu ambacho sijakaa nacho.

Toleo hili wameliita trixie. Tangu Mei 15 lilikuwa limefungwa, yaani hawakuingiza tena mambo makubwa mapya, walirekebisha kasoro tu. Kwa jina lilikuwa la majaribio, lakini kwa kazi za dukani lilikuwa limekomaa kuliko nilivyotegemea. Nililipiga upya kabisa kwenye mashine ya kaunta. Faili la kuanzia halifiki hata gigabaiti moja. Mengine yote linayavuta mtandaoni wakati wa kusakinisha, na hapo ndipo bando linapolia. Nilisubiri la usiku. Kadi ya waifai ilitambuliwa papo hapo, kwa sababu tangu Debian 12 ya mwaka 2023 wanaweka ndani ya kisakinishi zile programu za vifaa ambazo zamani ulikuwa unahangaika kuzitafuta kwenye kompyuta ya jirani.

Kwa muonekano wa skrini nilichagua Xfce, ambao ni mwepesi na humu ni 4.20. Ikiwaka, kabla hujafungua chochote, inakula RAM chini ya gigabaiti moja. LibreOffice, ya kuandikia barua na majedwali, ni 25.2. GIMP, ya kurekebishia picha, imefika 3.0, na hiyo peke yake ingetosha kunishawishi: picha za pasipoti ndizo zinazonilipia pango, na sasa ukishaongeza mwanga unaweza kurudi baadaye kuupunguza bila kuanza picha upya. Mteja akisema "dada, mbona umenifanya mweupe hivi?", narudi pale pale kwenye mwanga, napunguza, naprinti.

Kingine nilichokipenda ni kidogo sana. Programu ya kusakinishia, APT 3.0, sasa inapanga orodha kwa safu na rangi: vinavyoingia ni kijani, vinavyoondolewa ni vyekundu. Kijana wangu wa dukani ana mkono mwepesi wa kubonyeza ndiyo. Nimemwambia akiona nyekundu aniite kwanza.

Haya, tuje kwenye lililoniudhi.

Alikuja mzee mmoja, katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya tumbaku kutoka upande wa Urambo, na bahasha nene ya stakabadhi. Karatasi zimefifia, nyingine zimeshika rangi ya udongo, na alitaka ziskaniwe zote kwa rangi, zisomeke hata ukizikuza. Nikaweka nukta 600 kwa inchi. Tuna skripti ndogo ya kuskania, fundi alitutengenezea: kila ukurasa unaingia kwanza kwenye /tmp, folda ya mafaili ya muda, ukimaliza zote zinaunganishwa kuwa PDF moja. Miaka yote imefanya hivyo bila shida. Kwenye Debian 12 ningemaliza bahasha nzima huku napiga soga.

Safari hii tukaenda, tukaenda, skana ikagoma katikati. Ujumbe ukasema nafasi imekwisha. Nafasi gani? Diski ni ya gigabaiti 500 na haijajaa hata robo. Kivinjari nacho kikaanza kuburuza miguu, fomu ya mzazi aliyekuwa anasubiri ikaganda.

"Mwanangu, hii mashine imechoka?" mzee akauliza.

"Haijachoka, mzee wangu. Nipe dakika chache."

"Mimi dakika ninazo. Gari ndiyo haina."

Kumbe kwenye trixie wameihamisha /tmp kutoka kwenye diski kwenda kwenye RAM, na kikomo chake ni nusu ya RAM yote. Piga hesabu. Ukurasa wa A4 wenye rangi kwa nukta 600 ni kama megabaiti 104 kabla haujabanwa. Nusu ya RAM ya 4GB ni gigabaiti 2, na hapo toa kidogo inayoshikwa na vifaa vyenyewe. Zinaingia kurasa 18 hivi, mlango unafungwa. Na hata kabla haijafika 18, zile kurasa zimekaa kwenye kumbukumbu ile ile ambayo kivinjari na LibreOffice wanaigombania.

Hoja yao naielewa. RAM ina kasi kuliko diski, SSD inapumzika kuandikwaandikwa, na kama /tmp haina kitu basi haili kitu. Mwenye RAM ya 16GB hatajua hata kama kuna kilichobadilika. Lakini mashine za 4GB ndizo zinazobebeshwa kazi huku mikoani, na mtu hawezi kubahatisha kwamba "nafasi imekwisha" maana yake ni RAM. Wamelieleza kwenye maelezo ya toleo, ni kweli. Lingekaa kwenye skrini ya kisakinishi, swali moja tu: mashine hii ina RAM ndogo, /tmp ibaki kwenye diski? Basi.

Dawa yake ni mstari mmoja: sudo systemctl mask tmp.mount, halafu unaiwasha upya kompyuta. /tmp inarudi kwenye diski na maisha yanaendelea. Mzee alipata PDF yake na gari akaliwahi. Ila jueni na hili: ukisakinisha upya kama mimi, faili lililokaa siku 10 kwenye /tmp bila kuguswa linafutwa lenyewe, na kwenye /var/tmp ni siku 30. Wale wenzangu mnaohifadhi kazi za wateja popote pale folda inapofunguka, hameni mapema.

Printa nayo ina kisa chake, ingawa hapa siwalaumu watu wa Debian. Ile yangu nyeusi ya leza ni ya zamani, na draiva yake imeandikwa kwa biti 32. Kampuni iliyoitengeneza, siitaji, haijaigusa draiva hiyo kwa miaka. Nilidhani ndiyo mwisho wake, kwa sababu Debian 13 imeacha kutoa kisakinishi na kiini cha Linux kwa kompyuta za biti 32. Lakini vifurushi vya biti 32 bado vipo kwa ajili ya kutumika ndani ya mashine ya biti 64, unaviruhusu kwa dpkg --add-architecture i386. Draiva ikaingia, printa ikatema karatasi. Skana ya printa ya rangi, ya kampuni nyingine, mpaka sasa inaonekana siku ikijisikia. Unachomoa waya, unachomeka, inaonekana. Kesho yake tena.

Aliyeachwa kabisa ni kilaptopu changu kidogo chenye Atom N270, ambacho vijana wanakitumia kuandikia barua za kazi. Prosesa hiyo ni ya biti 32 tu, kwa hiyo trixie hakipati. Kitabaki na Debian 12, ambayo huduma yake ya kawaida ni hadi Juni 2026, na baada ya hapo ni ya kikosi cha huduma ya muda mrefu hadi Juni 2028. Sina kinyongo. Kufika hapo kilikuwa kimeshajilipa mara nyingi.

Wanaotaka kuhama kutoka Windows wajiandae kwa CV. Mtu anakuja na CV ya ukurasa mmoja kwenye flashi, ukiifungua inakuwa ukurasa mmoja na mistari miwili. Tatizo ni fonti. Kwa Calibri kuna Carlito, vipimo vyake vinalingana, hakuna kinachohama. Lakini Word mpya zinaanza na Aptos, na hiyo haina pacha humu ndani. Mimi nawaambia wateja waje na PDF, na asiyenayo namrekebishia kwa mkono na kumtoza. Kikagua tahajia cha Kiswahili kipo, kifurushi kinaitwa hunspell-sw, ila kitenzi kikirefuka kidogo tu kinapigiwa mstari mwekundu. Barua ya mkopo ya kikundi cha akina mama ilijaa wekundu kuliko wino.

Kwa hiyo nimwambie nini jirani yangu wa steshenari? Mashine ya kaunta nimeiacha na trixie na sirudi nyuma. Mwenye RAM 4GB aweke ule mstari wa /tmp siku ile ile anayosakinisha, kabla mteja hajaingia. Mwenye printa asiyoijua vizuri aijaribu kwanza kwa kuwasha Debian kutoka kwenye flashi siku ya Jumapili. Asiye na bando la kutosha achukue toleo rasmi lililotoka Agosti 9, 2025, maana kwenye majaribio masahihisho yalikuwa yanaingia kila mara na yote yanavutwa kwa hela yako.

Na mlioiweka kabla haijatoka kama mimi, fungueni leo faili la /etc/apt/sources.list, linaloiambia mashine ivute toleo gani. Likiwa limeandikwa trixie, toleo lilipotoka mashine yako ilibaki kwenye toleo imara bila kupiga chochote upya. Likiwa limeandikwa testing, linakuvusha moja kwa moja kwenda forky, ambayo ndiyo Debian 14, na majaribio yanaanza upya tangu mwanzo, humo humo kwenye kompyuta unayotegemea kwa kodi ya pango.