Uzoefu wangu: kuipandisha injini ya pikipiki ya cc 125 hadi 150 kwa vipuri vya mtumba

Injini yenyewe ni ya CG, silinda moja, ya kupozwa na hewa, ile familia iliyoanza na Honda CG125 mwaka 1976 na baadaye viwanda vingi vya China vikaitengeneza kwa majina chungu nzima. Nimeitoa kwenye 125 kwa bloku (silinda), hedi (kifuniko cha juu chenye valvu) na kabureta za mtumba, na nimeridhika. Ila kuridhika kwangu kumetokana na vipimo. Fedha niliyookoa kwenye spea, sehemu yake ilienda kwa fundi mchongaji, na ningeambiwa nirudie ningeigawa vilevile.

Nilichagua njia hii kwa sababu krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, haiguswi. Injini za 125 na 150 za CG zina mwendo mmoja wa pistoni, yaani umbali inaopanda na kushuka, 49.5 mm. Tofauti ni kipenyo: 56.5 mm kwa 62 mm. Chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 0.7854, kisha kwa mwendo, utapata 124 cc upande mmoja na 149 cc upande wa pili. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 20 bila kupasua krenkesi, yaani nyumba ya krenki. Wapo mafundi wanaokushauri uchonge tu silinda yako ya 125 iende ovasaizi, yaani ipanuliwe kidogo kwa pistoni kubwa zaidi. Hata ukiichonga 1 mm nzima, unapata 4 cc na ushee. Ovasaizi ni dawa ya silinda iliyolika, nguvu haiongezi. Na kuifikisha 200 ni habari nyingine kabisa, maana mwendo wake ni 62.2 mm na krenki yake ni tofauti. Anayetaka hiyo atafute injini nzima.

Kabla ya kununua hata boliti, toa bloku yako ya zamani ushike konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) pistoni ikiwa juu kabisa, uivute juu na uisukume chini. Ikicheza kidogo kwa pembeni, hiyo ni kawaida. Ikigonga juu na chini, bering ya chini imekwisha, na kuiwekea pistoni kubwa ni kuimalizia. Yangu ilikuwa imetulia.

Sasa bloku. Muuzaji wa mtumba aliniapia kwamba ile aliyonipa ni standadi, haijawahi kuguswa, na pistoni yake bado imo ndani. Nikaukwangua weusi juu ya kichwa cha pistoni kwa kucha, na chini ya masizi ikajitokeza namba iliyogongwa: 0.50. Yaani ilishachongwa nusu milimita. Sikumlaumu sana, lakini tangu hapo sikusikiliza tena maneno, nilipima. Nilikuwa na ringi mpya za saizi hiyo na fila geji, zile bati nyembamba za kupimia mianya. Ringi unaiingiza kwenye silinda, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, halafu unapima mwanya wa ncha zake. Kule chini kabisa, ringi zisikofika injini ikifanya kazi, mwanya ulikuwa 0.25 mm. Nikaipandisha karibu na juu, kule zinakosugua kuliko kote, ukawa 0.55 mm. Kipenyo kikiongezeka 0.01 mm, mwanya unaongezeka kama 0.03 mm, kwa hiyo silinda ilikuwa imelika kama 0.1 mm juu. Kwa macho ilikuwa inang'aa vizuri tu, na mng'ao ndio unaowauza wengi.

Niliichukua hata hivyo, kwa bei ya silinda iliyolika na si ya silinda nzima, kwa sababu nafasi ya kuchonga mara nyingine ilikuwepo. Hapa utaratibu ni muhimu: nunua pistoni mpya kwanza, ya 0.75 (yaani 0.75 mm juu ya 62), kisha umpelekee mchongaji bloku na pistoni pamoja ailenge hiyo hiyo uliyomshikisha. Nilimwambia nataka mwanya wa 0.04 mm kati ya sketi (sehemu ya chini) ya pistoni na ukuta, na alinipimia mbele yangu juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Kwa kipenyo hicho cha 62.75 injini yangu sasa ni 153 cc.

Jambo jingine la kupima kabla ya kulipa ni mdomo wa krenkesi. Sleevu (bomba la chuma la ndani ya bloku) ya 62 ni nene kuliko ya 56.5 kwa nje, na zipo krenkesi za 125 zisizoipokea mpaka zichongwe. Zikichongwa, injini lazima ifunguliwe yote, na hapo unafuu wote umekwenda. Tembea na venia (kipimo cha vipenyo), upime na nafasi za stadi, zile boliti ndefu zinazoshika bloku, pia. Ile namba ya aina ya injini, 156FMI au 162FMJ, inakueleza kipenyo cha kiwandani, lakini imegongwa kwenye krenkesi. Bloku ikishatolewa, namba haiifuati.

Kwenye hedi watu wengi hujaribu kubana matumizi kwa kubakiza ile ya 125. Inafunga, lakini tazama mgandamizo, yaani mchanganyiko unabanwa mara ngapi kabla ya kuwaka. Tuseme injini ilikuwa 9 kwa 1: chumba cha mwako ni kama 15.5 cc. Ukikibakiza hicho hicho chini ya 149 cc unafika 10.6 kwa 1, kwenye injini ya hewa, kwa petroli ya kawaida. Petroli itawaka vibaya na injini itatoa mlio wa kugonga ukipanda mlima na mzigo. Hedi ya mtumba ya 150 niliipindua nikaijaza petroli kwenye njia za valvu, nikaingoja. Valvu ya ekzosi ilivuja kidogo, nikaisaga kwa dawa ya kusagia valvu mpaka ikaacha kuvuja.

Mtumba nisioukubali kamwe: ringi, gasketi, sili za valvu, na zile klipu ndogo za pini ya pistoni. Klipu iliyochoka ikichomoka inachimba mfereji kwenye silinda mpya, na yenyewe ni kitu cha bei ndogo mno kuhatarishia kazi yote.

Kabureta nilihama kutoka ya 26 mm kwenda ya 27 mm, nikaongeza jeti kuu (tundu linalopitisha petroli) mpaka plagi ikatoka na rangi ya kahawia badala ya nyeupe. Kilomita 500 za kwanza sikuibana, na oili niliimwaga mapema.

Barabarani tofauti iko chini, kwenye kuondoka na kwenye mlima. Pale nilipokuwa narudi gia ya pili nikiwa na abiria, sasa napita na ya tatu. Spidi ya mwisho haijabadilika sana, kwa hiyo nimeweka sproketi ya mbele ya meno 15 badala ya 14, na injini inazunguka taratibu zaidi kwa mwendo ule ule. Kasoro ipo: pistoni ya 62 ni nzito na krenki ilisawazishwa kwa ile ndogo, hivyo kwenye mizunguko mikubwa mtetemo unaingia mikononi. Anayekimbia barabara ndefu kwa kasi kutwa nzima atauchukia. Mimi ni wa mizigo na vilima, unanifaa.

Klachi imeanza kuteleza gia ya nne nikifungua mafuta ghafla na mzigo. Springi zake ni za asili, za nguvu za 125, kwa hiyo nitaanza na springi kabla ya kugusa sahani.