Warsha ya siku mbili Mtwara, maandalizi ya wiki tatu: uzoefu wangu

Nililipa 40,000 kwa warsha ya waandishi wa vitabu vya watoto, Jumamosi na Jumapili, Shangani, chai na chakula cha mchana humo humo. Nikiulizwa ilikuwaje, huwa naanza na wiki tatu za kabla yake, maana hela yangu ilifanyia kazi huko.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, Lindi. Muswada wangu unahusu mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kilima cha Tendaguru huku kwetu Lindi, yule ambaye Wajerumani walichimba mifupa yake kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo kasimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wanafunzi wangu wanamsikia kwa wakubwa tu, tena kwa vipande. Niliandika maneno 2,100 nikajiona nimemaliza.

Baada ya kulipa yakaja masharti kwa WhatsApp. Muswada usizidi maneno 800. Tengeneza kitabu cha mfano cha kurasa 32. Soma miswada ya wenzako wanne, kila mmoja umwandikie maoni ya ukurasa mmoja kabla ya Ijumaa. Nilinuna. Maneno 800? Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, peke yake nilikuwa nimempa 300.

Kitabu cha mfano ni karatasi nane za A4 zilizokunjwa katikati. Hiyo 32 haikuokotwa tu: kiwandani kurasa nyingi huchapwa kwenye karatasi moja kubwa, kisha ikakunjwa na kukatwa, kwa hiyo hesabu huenda kwa 16, 16. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, nikashona kwa sindano na uzi. Halafu nikakata muswada kwa mkasi na kubandika vipande kimoja kimoja. Kuanzia ukurasa wa 6 hadi wa 13 hapakuwa na kitu cha kuchora. Babu anaeleza, mjukuu anaitikia, babu anaendelea kueleza. Mchoraji afanye nini hapo, achore ndevu za babu mara nane? Kwenye kompyuta nisingeliona hilo hata ningesoma mwaka mzima.

Nikamsomea binti wa kaka yangu, ana miaka saba. Alivumilia, mtoto ana adabu. Ukurasa wa 11 akaniuliza, "Shangazi, mjusi anakuja lini?"

Alikuwa anakuja ukurasa wa 19.

Usiku ule nilianza upya, mfupa ukaonekana ukurasa wa 3. Maneno 760. Boheti amebaki na sentensi mbili, na roho bado inaniuma.

Miswada ya wenzangu ilinifundisha kwa njia nyingine. Tuliambiwa tuanze na palipotushika, kisha tuulize maswali, tusimwandikie mwenzetu hadithi yake upya. Mmoja alikuwa na sungura anayefundisha kunawa mikono. Nilimwandikia kwamba funzo limeshafika ukurasa wa pili, hadithi yenyewe bado iko njiani. Nilipomaliza sentensi hiyo nikamkumbuka babu yangu na ndevu zake.

Lawama ninazo. Miswada miwili ilinifikia Alhamisi jioni, tena ni picha za simu zilizopigwa upande, huku steshenari niliyoikuta wazi inatoza 200 kwa ukurasa. Umeme ukakatika nimebakiza kopi tatu. Kila mshiriki aliahidiwa dakika 40 za kuchambuliwa muswada wake. Mimi nilipata 25 kwa sababu chai ilichelewa. Na mwenye muswada haruhusiwi kusema neno wakati anachambuliwa, jambo ambalo kwa mwalimu ni adhabu kamili, ingawa nakiri kwamba ningeruhusiwa ningezitumia zote 25 kujitetea.

Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya chai ya Jumapili ilikuwa mizuri.

Ukitaka kwenda, printi kila kitu mapema wiki hiyo, wala usingoje Ijumaa. Anayetoka Lindi alale Mtwara usiku wa kuamkia Jumamosi. Ni kilomita kama 100 tu, lakini basi la asubuhi lina mambo yake. Mimi nimeshalipia ya mara nyingine. Sindano na uzi nakwenda na vyangu.