Ile parki ya michezo ya Kampemba: muende asubuhi, mukae upande wa miembe

Watu wengi wananiuliza kama ile parki ya michezo upande wa Kampemba, hapa Lubumbashi, inafaa kupeleka watoto, basi naandika hapa mara moja tumalize. Inafaa, ndiyo, ila si kwa ile sababu wanayoitangaza. Jina lake naliacha ju nina malalamiko, na masentinele (walinzi) wa pale tunapanda nao taksi moja, lakini mutu wa Lubumbashi ataijua tu.

Kuingia ni 2 000 franka kwa mkubwa na 1 000 kwa mtoto, na kwa bei hiyo mimi sina neno, bia moja ya Simba inapita hapo. Shida ni chenji. Ukitoa dola wataipandisha juu waiangalie kwa jua, waipapase kona zote, ikiwa na kaalama kadogo ka kalamu au imepasuka hata kucha moja wanakurudishia, sawa, hiyo njo Kongo yetu tumeizoea. Ila chenji wanayokupa wao sasa ni zile noti za 500 zimechakaa mpaka hujui kama unashika pesa au kitambaa cha kufutia meza! Dola yangu iwe safi, franka yao iwe matambara. Beba franka ndogo ndogo kutoka nyumbani, usiingie kwenye hayo mabishano.

Tuje kwenye uwanja wenyewe, ule wa nyasi za plastiki, ju njo wanaouweka kwenye matangazo yote. Ni mzuri kwa macho, hilo sibishi, kijani kimenyooka, mistari myeupe, wavu mpya. Na nyasi za plastiki si jambo geni kwetu, uwanja wa timu ya Mazembe pale Kamalondo ni wa namna hiyo tangu ulipofunguliwa 2011. Lakini aliyeuweka hapa hakufikiria mwezi wa kumi. Sisi tuko karibu mita 1 200 juu ya bahari, kwa hiyo watu wa Kinshasa wakija mwezi wa sita au wa saba wanatetemeka asubuhi na kutuuliza kama hapa ni Ulaya, lakini mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza ni mambo mengine kabisa. Mwisho mwisho wa mwezi huo jua la saa sita linapita sawasawa juu ya vichwa vyetu, simama karibu na nguzo ya goli utafute kivuli chake, hukipati. Nyasi za kweli zina maji ndani na yale maji yakipanda hewani yanapunguza joto, plastiki haina hiyo, inameza jua tu, na jua likiwa kali uso wake unaweza kupita digri 60. Nilimuona kijana mmoja ametoa viatu ili acheze vizuri, akapiga hatua tatu, ya nne hakuimaliza, akarudi anaruka kwa mguu mmoja huku wenzake wanalala chini kwa kucheka. Hata ukiwa na viatu unasikia joto linapanda kutoka chini kama mtu amefunua chungu cha bukari (ugali) miguuni pako. Dawa yake ni kumwagia maji kabla ya kucheza, na robine (mabomba ya maji) ziko pembeni nimeziona kwa macho yangu, zimekauka.

Sasa hata ukifika saa moja ya asubuhi wakati bado kuna ubaridi, hauchezi. Nilikuwa na watoto wa dada yangu na mpira wetu, uwanja mtupu, hakuna hata ndege, na sentinele amesimama mlangoni na kifunguo mkononi.

"Papa, terrain ilishalipwa."
"Na nani? Siona mutu."
"Batakuya saa ine."
"Basi batoto bacheze mpaka saa ine, bakikuya tunatoka."
"Papa, miye niko natumika tu."

Na kweli, yeye ni mtumishi tu, sina kisa naye. Lakini wakubwa wake waseme wazi: parki ni ya watu wote au ni uwanja wa kukodisha wenye bustani pembeni? Kwa saa moja unalipa pesa ambayo kampuni inaweza kutoa bila kuuliza, kikundi cha vijana wa mtaa hapana. Matokeo yake vijana wako nyuma ya goli, nje ya ua wa waya, kwenye udongo mwekundu, na mpira wao wa mifuko na kamba, na mechi yao ni tamu kuliko ile ya ndani. Mtoto akifunga goli anaanguka kwa makalio na kurukaruka kwenye vumbi mpaka kati ya uwanja, sawasawa na Kidiaba, golikipa wa zamani wa Mazembe. Wengine hawakuwa wamezaliwa 2010 Mazembe alipowatoa Internacional wa Brazili mabao 2-0 na kufika fainali ya dunia kule Abu Dhabi (ile fainali yenyewe na Inter ya Milano tuiache), ila ule mruko wanaujua wote. Mama zao njo wanaujua zaidi, ju njo wanaofua hayo masuruali.

Uwanja wa basiketi uko wazi kwa kila mtu, hapo nawapa hongera. Sementi nzuri, mistari inaonekana, ingawa ringi moja imeinama mbele kwa sababu ya wakubwa wanaoning'inia. Saa kumi ya mchana vijana wanajaa, na kila kijana mrefu anaitwa Biyombo atake asitake, kwa vile Bismack Biyombo amezaliwa Lubumbashi hapa hapa na akafika NBA 2011. Walionichekesha ni wale wafupi, wanabishana sana kuliko kucheza.

Lakini mimi nikisema muende, nawatuma upande wa pili, nyuma ya vyoo, kwenye miembe ya zamani. Pale hakuna kilichonunuliwa kwa pesa nyingi. Kuna mabenchi ya sementi, kuna kivuli cha kweli, kuna wazee wanaocheza dame (drafti) kwa vizibo vya chupa, vya huku vimelala kifudifudi vya kule vimeangalia juu, na ukisimama nyuma yao ukatoa ushauri utaambiwa ulete ubao wako. Siku ya posho (Jumamosi) asubuhi, kama saa moja na nusu hivi, akina mama wanacheza nzango na hiyo peke yake inatosha kulipia tiketi. Timu mbili zinajipanga mistari miwili zinaangaliana, wanaimba, wanapiga makofi, kutoka kila upande mmoja anasonga mbele, wanaruka wote wawili na kutoa mguu ghafla, na mguu gani umekutana na mguu gani njo inaamua pointi ni ya nani. Ni haraka mpaka jicho langu haliwezi kufuata, wao wanabishana kama ulikuwa wa kuume au wa kushoto na wote wako sure. Tulizoea kusema huo ni mchezo wa wasichana kwenye rikreasyo ya shule, sasa una ligi na waamuzi, na kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville 2015 ulionyeshwa mbele ya Afrika nzima. Kulikuwa mama mmoja wa umri, kitambaa kimefungwa kiunoni, aliwatoa wasichana watatu wafuatane, kila akishinda anageuka kutuangalia sisi wanaume kwenye mabenchi bila kucheka. Hakuna aliyesubutu kusema kitu.

Watoto wadogo nao wana fasi yao pale. Kuna telezi ya chuma imepakwa rangi nyekundu na njano, ya bei, na kuanzia saa nne hakuna mtoto anaikaribia ju inachoma mapaja. Lakini waliojenga parki waliacha kichuguu kimoja kikubwa, vile vya Katanga vinavyopita urefu wa nyumba, sijui walikosa mashine ya kukivunja au walikiogopa, na hicho njo telezi ya kweli. Watoto wanapanda kwa upande wa mizizi, wanakaa kwenye kipande cha kartoni, wanashuka wanapiga kelele, udongo umeshalainika umeng'aa. Tafadhali wakubwa wa parki, mukisoma hapa, musikivunje.

Vyoo: 500 franka, vya wanaume safi kiasi, vya wanawake vilikuwa na kufuli na kifunguo kiko kwa muuza bia, dada yangu alizunguka parki nzima kumtafuta. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Chakula ndani ni ghali bure. Na kuna kitu kinachonikasirisha kabisa, getini wanakunyanganya maji uliyokuja nayo ili ununue yao, kwenye joto lile, na watoto! Kunyima mtu maji kwenye fasi ya michezo ni kitu gani? Beba chupa tupu, hiyo hawaikatazi, halafu kuna robine moja inayotoa maji karibu na kibanda cha sentinele, ya kunawa mikono na kichwa inafaa. Ya kula tokeni nje, mukivuka barabara kuna mama anachoma michopo, mbuzi amekatwa vipande vidogo, kitunguu, pilipili, chumvi kwenye karatasi, na bukari ukitaka. Mukila hapo hamutaulizia tena menyu ya ndani.

Mvua ikianza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, hesabu inabadilika. Miembe niliyoisifu hapa juu muikimbie mara tu musikiapo ngurumo ya kwanza, radi ya kwetu haina mchezo, muingie kwenye ile nyumba ya ofisi hata kama wanawaangalia vibaya. Jioni pia musichelewe: jua likizama giza linaingia haraka, umeme ukikatika jenereta inawashwa kwa waliokodi uwanja tu, wengine munatafuta mlango kwa mwanga wa simu.

Nyota tatu kati ya tano. Ya miembe na nzango ningewapa tano, uwanja wa plastiki na yale maji ya getini njo vimewashusha. Na siku ya posho baada ya saa nane musipange kitu, ndoa zinaingia, mpiga picha anafukuza hadi wazee wa dame ili bibi harusi apate kivuli, na kama ndoa ni yenu basi mumutume mtu mmoja aende kuuliza bei ya picha mapema kwa miguu, ju getini bei inapanda kufuatana na magari muliyokuja nayo.