GeoGebra kwa simu: vile mdogo wangu alielewa umbali kati ya nukta mbili

Nimetumia GeoGebra, app ya hesabu ya kuchora nukta na mistari, na mdogo wangu karibu miezi miwili sasa, yuko kidato cha tatu na mimi ndio namsaidia hesabu usiku nikitoka kazini, na imetusaidia kushinda ile tuisheni nilikuwa nalipia hapa Umoja, Nairobi. Huko walimwandikia fomula ubaoni, toa x kwa x, toa y kwa y, piga skwea, jumlisha, tafuta kipeuo, akaikariri yote lakini hakuna mtu alimwonyesha inatoka wapi, na hiyo iliniuma sana juu pesa nilikuwa nimetoa.

Kwa simu tuliweka nukta moja (1, 2) na nyingine (7, 10), miraba iko hapo nyuma unaona kila kitu, nikamwambia toka ile ya kwanza uende kulia ukihesabu visanduku, 6, sasa panda juu, 8. Tukachora hizo njia mbili na mstari wa kuunganisha nukta zenyewe, akanyamaza kidogo halafu akasema kumbe ni Pythagoras tu, ile kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba! 36 na 64 ni 100, kipeuo ni 10. Nikamwambia fikiria umetoka Uhuru Highway ukafuata Kenyatta Avenue mpaka Moi Avenue, halafu ukakata kulia uende Archives, wewe wa miguu lazima uzunguke kona lakini korongo anapita juu ya majengo, sisi tunatafuta njia ya korongo.

Kwa namba hasi ndio niliipenda kabisa. Akipewa (-3, 2) na (5, -4) alikuwa anaandika 5 toa 3 anapata 2, kila siku. Sai anavuta nukta na kidole mpaka ng'ambo ya sifuri anaona mwenyewe ni hatua 8, y ni 6, umbali ni 10 tena, hajakosea hiyo tangu siku hiyo.

Mzazi ama ndugu anayesaidia mtoto, kuna kitufe cha umbali, ukigusa nukta mbili jibu linatokea hapo hapo, kwa hivyo sisi tunafanya kwa kitabu kwanza simu inakuja kuhakikisha. Kipeuo cha 13 itakuonyesha 3.61, ukitaka desimali zaidi unabadilisha kwa mipangilio, lakini kwa karatasi namwambia aiache ikiwa kipeuo mpaka mwisho.

Ni ya bure, na ukishaiweka inafanya bila bando. Ilianzishwa 2001 na Markus Hohenwarter akiwa chuo kikuu cha Salzburg huko Austria, mimi namshukuru sana huyo mtu.

Wiki hii tumeanza nukta ya katikati, tukarudi kwa zile zetu za kwanza, na jana kabla hata nifungue simu alikuwa ashaandika (4, 6).