Majiko Matatu na Mlango Uliong'oka

Jumamosi iliyopita nililipa pauni 12 kutazama kikundi cha waigizaji wa ridhaa cha mji ninaoishi hapa Uingereza kikicheza Absurd Person Singular, tamthilia ya Alan Ayckbourn iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Scarborough mwaka 1972. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, wenye baridi iliyonizuia kuvua koti hadi mwisho.

Mchezo una sehemu tatu, na kila sehemu hutokea jikoni kwa wanandoa wengine, mkesha wa Krismasi, mwaka baada ya mwaka. Sidney, mwenye duka, anaanza kwa kumnyenyekea meneja wa benki ili apate mkopo, na kufikia mkesha wa tatu yeye ndiye anayewachezesha wakubwa wake kama watoto. Sehemu ya kwanza ilinichosha, kwa kuwa Sidney wetu aliyakimbiza maneno, na mara mbili mama aliyeketi pembeni na kitabu alimkumbusha kwa sauti iliyotufikia sisi wa safu ya sita.

Sehemu ya pili ndiyo iliyorudisha fedha yangu. Eva, aliyekata tamaa na ndoa yake, anajaribu kujiua mbele ya wageni wala hakuna anayetambua. Anapoingiza kichwa ndani ya jiko la gesi, Jane, mkewe Sidney, anadhani anataka kulisafisha, hivyo anamwondoa kwa upole na kuanza kulisugua mwenyewe. Jiko lenyewe lilikuwa la mbao nyembamba, na mlango wake ukamng'okea Jane mkononi. Aliutazama, akaupangusa pande zote mbili, akauegemeza ukutani, akaendelea na kazi. Watu walivunjika mbavu, nami nikiwamo, mpaka nilipomrudia Eva kwa macho. Kwa karibu sehemu hiyo yote hasemi neno, na dada aliyemwigiza alikuwa akiutazama ule mlango bila kupepesa, kicheko kikanikatika. Sisi tuliolelewa na vichekesho vya mke na mume kupayukiana hatujazoea kuchekeshwa na aliyenyamaza.

Lawama yangu kubwa ni muda uliopotea kubadilisha jiko moja hadi jingine, kiasi kwamba tuliuziwa chai na tiketi za bahati nasibu mara mbili. Onyesho lililotangazwa kuisha saa nne usiku lilikwisha saa tano kasoro, basi la mwisho likawa limeondoka, nikarudi kwa miguu nikiuvumisha ule wimbo wa Krismasi ambao Eva, hatimaye, alifungua kinywa kuuimba.